*TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 19: Tusiijibu dhana kwa dhana*

Bismillahir Rahmanir Rahim.


 

Miaka hii Ramadhani na Kwaresima zimekuwa zikikutana. Kazini, sokoni, hata ndani ya familia zenye dini mbili, huyu kafunga na yule kafunga, na maneno ya dini yanakuwa karibu. Swali moja haliachi kuja: "Nyinyi Waislamu mnakataaje kwamba Yesu alisulubiwa, wakati historia inasema alisulubiwa?" Wengi wetu hujibu haraka haraka. Leo tuyapime hayo majibu, maana aliyefunga, ulimi wake nao umefunga.

Tuanze na letu. Katika Suratun-Nisaa, aya ya 157, Mwenyezi Mungu anakanusha kwamba walimuua Nabii Isa (a.s.) au walimsulubu. Anatufahamisha kuwa walifananishiwa tu, na kwamba waliohitilafiana katika jambo hilo wamo katika shaka, hawana elimu nalo ila kufuata dhana. Aya ya 158 inasema Allah alimnyanyua kwake. Hiyo ndiyo itikadi yetu, wala haina mjadala baina yetu.

Sasa hebu tuangalie hoja tunazotembea nazo.

*1. "Injili zinapingana."*
Ni kweli zinatofautiana. Marko anasema alisulubiwa saa tatu, yaani saa tatu asubuhi kama tunavyohesabu sisi. Kwa Yohana, inapata saa sita na Pilato bado hajamtoa kwenda kusulubiwa. Marko, Mathayo na Luka wanasema chakula cha mwisho kilikuwa cha Pasaka. Kwa Yohana, siku ya kusulubiwa ndiyo ya maandalio ya Pasaka. Watatu wanamtaja Simoni Mkirene kuwa aliubeba msalaba, Yohana anasema Yesu aliubeba mwenyewe.
Lakini jiulize: mashahidi wanne wakitofautiana saa ya ajali, ndiyo ajali haikutokea? Hakuna kadhi atakayehukumu hivyo. Tofauti hizi zinaonyesha kuwa yale ni masimulizi ya wanadamu, kila mmoja na njia yake. Kwa hilo zinatosha. Zaidi ya hapo usizibebeshe.

*2. "Hakuna mwanahistoria aliyeandika hayo nje ya Biblia."*
Hii si kweli, iacheni. Tacitus, Mrumi asiyewapenda Wakristo hata kidogo, aliandika mnamo mwaka 116 kwamba Kristo aliuawa na Pontio Pilato zama za Kaisari Tiberio. Yosefo, Myahudi, naye ametaja mnamo mwaka 93, ingawa wataalamu wengi wanakubali kuwa maneno yake yaliongezwa baadaye na mikono ya Wakristo.

*3. "Injili ya Barnaba imesema."*
Hii ndiyo hatari kuliko zote. Nakala yake ya Kiitaliano iliyopo Vienna wataalamu wanaiweka karne ya 16 hivi. Kitabu hicho kinampandisha Isa (a.s.) chombo cha majini hadi Nazareti, mji ulio vilimani, mbali na ziwa. Na kubwa zaidi: kinamfanya Isa akane kuwa yeye ni Masihi, na hali Qur'ani yetu inamwita Al-Masihi! Vipi Muislamu aegemee kitabu kinachoipinga Qur'ani?

*4. "Aliyesulubiwa ni Yuda."*
Hakuna hadithi sahihi kutoka kwa Mtume (s.a.w.) inayomtaja mtu huyo. Wafasiri wana riwaya tofauti. Ipo ya Ibn Abbas (r.a.), ambayo Ibn Kathir amesahihisha isnadi yake hadi kwake, kwamba ni kijana miongoni mwa wafuasi aliyejitolea. Tabari amepokea kwa Wahb bin Munabbih kwamba wote waliokuwa nyumbani walifanana naye. Allah hakutaja jina. Basi sisi haraka ya nini?

Utauliza: sasa tumebaki na nini? Tumebaki na kubwa. Mwanahistoria anaweza kukwambia watu waliona nini na walisimulia nini. Aya yetu haikusema kwamba watu hawakuona kitu. Kule "kufananishiwa" kwenyewe kunaonyesha kuna jambo lilionekana. Tacitus ameandika yaliyojulikana kwa watu. Qur'ani imetueleza hakika iliyo nyuma yake.

Mwenzako atasema, "Kitabu kilichokuja miaka 600 baadaye kimejuaje?" Mjibu kwa utulivu: si kwa kumbukumbu za watu, ni kwa wahyi. Hapo ndipo penye mjadala hasa: je, Muhammad (s.a.w.) ni Mtume wa Mungu? Ikiwa ndiye, habari yake ni kweli. Na yeye mwenzako, ufufuo anaouamini haukuthibitishwa na Tacitus. Naye pia amesimama juu ya imani.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu ya vijana wetu. Mtoto tuliyemlea kwa hoja ya Barnaba ataingia chuo, atasoma dakika kumi kwenye simu, atajua kuwa kitabu ni cha kughushi. Nguzo moja ikianguka, atadhani nyumba nzima imeanguka. Na nguzo ile tulimsimamishia sisi. Vile vile jirani yako, akikukamata na uongo mmoja kuhusu msalaba, hatakusikiliza ukimweleza Tauhidi.

Tazameni ajabu hii: aya inawalaumu watu kwa kufuata dhana, halafu sisi tunaitetea kwa dhana! Allah ametukataza kufuata tusilokuwa na elimu nalo (17:36). Ametuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia (5:8), seuze jirani mwema? Na akatutaka tusijadiliane na Watu wa Kitabu ila kwa njia iliyo bora (29:46).

*Kazi ya leo:*
▪️ Soma An-Nisaa aya 153 hadi 159 pamoja na tafsiri ya Kiswahili, ya Sheikh Abdallah Saleh Farsy au ya Sheikh Ali Muhsin Barwani.
▪️ Ujumbe wowote wa kuwakejeli Wakristo uliopo kwenye simu yako, ufute. Usiusambaze.
▪️ Leo magharibi, mpelekee jirani yako Mkristo sahani ya futari. Usimfungulie mjadala mlangoni.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuijue kuwa ni haki na utujaalie kuifuata. Zilinde ndimi zetu, na uthibitishe nyoyo za watoto wetu. Aamin.

Wallahu a'alam. Tukutane kesho in shaa Allah.