Mara ya Pili

Kwenye simu yangu kuna Norma mbili. Zote ni za Maria Callas, zote zilirekodiwa na okestra na kwaya ya La Scala ya Milan, na zote zinaongozwa na mzee yule yule, Tullio Serafin. Ya kwanza ni ya 1954, Callas ana miaka 30. Ya pili ni ya 1960, ana 36. Opera yenyewe ni ya Vincenzo Bellini, ilioneshwa mara ya kwanza hapo hapo La Scala mwezi Desemba 1831. Majirani zangu hapa Nsambya wanasema ni sauti ya mtu aliyemwagikiwa na mafuta ya moto. Sawa, sibishani nao. Mimi nilizoea tangu Bukavu, ambako padre aliyetufundisha kwaya alikuwa na kaseti, na mazoezi yakiisha aliiweka huku sisi tunapanga viti.

Kwa asiyeijua: Norma ni kuhani wa kike wa Wagalia, watu wanaotawaliwa na Warumi. Watu wake wanamngoja awaambie siku ya kupigana. Kumbe kwa siri amezaa watoto wawili na mkubwa wa Warumi, na huyo bwana sasa anampenda msichana mwingine. Mwishoni umati umekusanyika, Norma anasema anamjua msaliti, kila mtu anangoja jina, naye anajitaja mwenyewe.

Usiku umeme ukiwepo nazisikiliza zote mbili, moja baada ya nyingine. Mwaka 1954 sauti inapanda kama mtu anayepanda ngazi za nyumba yake gizani, hashiki ukuta. Mwaka 1960 noti za juu zinatetemeka, nyingine zinakwaruza kabisa, na anayesema hazikwaruzi anajidanganya. Lakini sikiliza mwanzo wa sehemu ya pili, pale Norma amesimama na kisu juu ya watoto wake waliolala. Katika ile ya kwanza namsifu mwimbaji. Katika ile ya pili naogopa kwa ajili ya watoto. Maneno ni yale yale, nota ni zile zile, ila mahali alipokuwa anapita haraka sasa anakawia.

Watu wamebishana miaka mingi ipi ni bora. Sijawahi kusikia mtu akiuliza ipi kati ya hizo mbili ni ya uongo.

Naliandika hili kwa sababu ya kazi yangu ya pembeni. Najitolea kuwa mkalimani wa majirani wanapoitwa kwenye mahojiano. Mama mmoja, nitamwita Mama Furaha, si jina lake, na nimebadili mambo ili asijulikane, anauza vitenge kwa kuzunguka mitaani. Ameeleza habari yake mara nyingi katika ofisi ambayo sitaitaja. Siku moja afisa alifungua faili, akasoma, akamwangalia. Mwanzo ulisema waliokuja nyumbani walikuwa watatu, leo umesema wanne. Mwanzo mvua ilikuwa inanyesha, leo husemi mvua. Sasa tushike lipi?

Tulipotoka nilimpa ushauri ambao kila mtu hapa anautoa. Nikamwambia, mama, andika kwenye daftari, ukariri, useme vile vile kila siku. Akaniangalia. "Mwanangu, unataka niseme ama nisome?"

Sikumjibu. Usiku ule nilisikiliza Norma na sikulala vizuri.

Wale waimbaji wa wakati wa Bellini, mtindo wao tunaouita bel canto, yaani uimbaji mzuri, walikuwa na desturi moja. Wimbo ukirudiwa, mwimbaji hakutakiwa kuurudia kama ulivyo. Mara ya pili alitia mapambo yake, akavuta hapa, akakata pale. Wasikilizaji waliingoja hiyo mara ya pili. Na sisi Wakongo tunalijua hilo bila kwenda Milan. Wendo Kolosoy alirekodi "Marie-Louise" mwaka 1948, kijana mwenye sauti nyembamba inayoruka. Katika miaka ya 1990 akairudia akiwa mzee. Nani kati yetu aliwahi kusema mzee huyu ni tapeli kwa sababu hakuimba kama yule kijana?

Lakini nisimwonee afisa. Watu waongo wapo, na mimi nawajua. Hapa mjini kuna habari zinazouzwa, umelipa, umepewa, umekariri. Afisa ana watu wengi kwenye benchi na hana njia ya kwenda kijijini kuuliza. Na si kila tofauti ni pambo. Kama katika rekodi ya 1960 watoto wa Norma wangekuwa watano na baba yao Mgalia, hiyo si Norma tena, ni opera nyingine. Mtu akisema leo mume wangu aliuawa na kesho aseme alikimbilia Zambia, hapo hata mimi nasimamisha kalamu.

Ugumu uko hapa. Callas ana kitabu cha nota. Ukitaka kujua amepotea wapi, unafungua Bellini unalinganisha. Mama Furaha hana kitabu. Kwa hiyo ofisi inachukua rekodi yake ya kwanza na kuifanya ndiyo nota, kisha kila anaposema baadaye anapimwa kwayo. Lakini ile ya kwanza nayo ilikuwa kuimba tu. Ilisemwa siku ya tatu baada ya kufika, mtoto ana homa mgongoni, mkalimani ni mwanamume asiyemfahamu. Nani alisema hiyo ndiyo sahihi kuliko nyingine? Mtu wa nne, Mama aliniambia baadaye barabarani, alikuwa jirani yao. Mwanzo hakuweza kumhesabu.

Niliambiwa hayo na sikujua niyapeleke wapi. Kazi ya mkalimani ni kugeuza kilichosemwa mbele ya meza, si kilichosemwa tukingoja teksi.

Kuna jambo jingine linanisumbua, na hili ni langu mwenyewe. Nimeanza kuwashuku wanaosema habari yao bila kubadili hata neno. Najisemea, huyu amekariri. Halafu nakumbuka kwamba mimi ndiye ninayewafundisha kukariri. Mtu ameogopa, ametii ushauri wangu, ameijenga habari yake ya kweli kama sala ya Baba Yetu, na mimi nimeketi pembeni yake namwona mwongo.

Wiki iliyopita Mama Furaha alipita kwangu na mzigo wake wa vitenge, akakuta spika inaimba. Akauliza huyu analia nini. Nikamweleza habari ya kisu na watoto, kisha nikamwekea zote mbili, kipande kile kile. Alisikiliza amesimama, mzigo bado kichwani. Nilitegemea achague ile ya pili, kama mimi. Hakuchagua. Alisema, "Huyu wa kwanza hajui bado kama atawaua. Huyu wa pili anajua hatawaua, ndiyo maana anachelewa." Kisha akauliza kama nina maji ya kunywa.

Ameitwa tena Alhamisi. Daftari nililomnunulia bado analo, anaandikia madeni ya wateja. Nimemwambia kama anataka kumtaja jirani, amtaje, nami nitageuza neno kwa neno, na afisa akiuliza kwa nini hakusema mwanzo, ajibu mwenyewe. Amesema ataona siku hiyo.