Je, Shauri Likikosea Huachwa?

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake na masahaba wake. Ama baada ya hayo:

Liko suala liulizwalo barazani kila upitapo uchaguzi, nalo ni hili: watu wakishauriana kwa kura, kisha shauri lile likazaa dhulma na damu, je, kosa ni la shauri lenyewe, au ni la wenye kushauriana? Wako wasemao kwamba kura ni mlango wa fitina, basi bora ufungwe, atawale mwenye nguvu, watu wapate kulala. Maneno haya yafaa yapimwe, wala yasikubaliwe kwa sababu ya uchovu tu.

Mfano ulio karibu ni Unguja na Pemba. Januari 1961 palipigwa kura kwa viti 22. Afro-Shirazi ikapata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3. Na kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, mizani ikasimama 11 kwa 11. Juni wakapiga tena, na katika machafuko yaliyofuata wakafa watu 68. Julai 1963 viti vilikuwa 31. Afro-Shirazi ikapata kura kama 54 katika kila mia, lakini viti 13. Hizbu na ZPPP kwa pamoja wakapata viti 18, wakashika serikali. Uhuru ukaja tarehe 10 Disemba 1963. Siku 33 baadaye, tarehe 12 Januari 1964, serikali ile ikapinduliwa kwa silaha, na roho nyingi zikapotea.

Hapa pana mazingatio. Walioshika serikali walikuwa na kanuni mkononi, lakini hawakuwa na wengi nyuma yao. Nao waliopindua walikuwa na wingi wa kura, lakini wingi hauhalalishi damu ya asiye na hatia. Kila upande ulikuwa na hoja ya kweli, na kila upande uliifanya hoja yake kuwa pazia la kutoiona haki ya mwenziwe.

Wala asidhani mtu kwamba ubaya ulikuwa katika hesabu ya viti peke yake. Tangu uchaguzi wa 1957 watu wa kibla kimoja walikwisha kutengana. Mwenye shamba alimwondoa mkulima kwa ajili ya chama. Mnunuzi alilihama duka la jirani yake. Hata mazishini wako waliosusiana. Lau kura zile zingalipimwa kwa pishi iliyo sawa kabisa, nyoyo zile zingalikuwa ni zile zile.

Basi mlango ukafungwa, kama watakavyo wale wasemao. Vyama vingine vikapigwa marufuku, na havikushindana tena hata mwaka 1995. Je, fitina ilikufa? Mwaka ule matokeo ya urais yalitangazwa kuwa 50.2 kwa 49.8 katika mia, na ugomvi ukaamka kana kwamba ulilala jana. Kufunga mlango hakukuuzima moto. Kuliufunika majivu tu.

Na atazamwe Mtume, rehema na amani zimshukie, katika vita vya Uhud. Rai yake ilikuwa kubaki Madina. Wengi, khasa vijana, wakataka kutoka, naye akawafuata. Wakauawa Waislamu wapatao 70. Baada ya msiba ule, katika Sura ya Al Imran aya ya 159, hakuamrishwa aache kushauriana nao. Aliamrishwa awasamehe, awaombee maghufira, na awashauri katika mambo. Shauri lilikuwa limewafikisha kwenye msiba, na bado shauri likaamrishwa.

Kwa hiyo jawabu liko wazi. Kisichofaa kuachwa ni shauri. Kifaacho kuachwa ni khiyana ndani yake. Na amana hapa ni tatu. Mpiga kura ni shahidi, na shahidi haangalii kabila wala ukoo. Mhesabu kura ni mpimaji, na wapunjao vipimo wameonywa kwa ole katika Kurani. Mshindi ni mchungaji wa wote, hata wa aliyemkataa. Tarehe 31 Julai 2010 watu wa visiwa vile, takriban thuluthi mbili ya waliopiga kura, walikubali serikali ya pamoja, asile mshindi peke yake. Lilikuwa jambo jema. Lakini uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, ilidhihiri kwamba kanuni njema pasipo amana ni nyumba isiyo na msingi.

Basi kila mtu, kabla ya kuilaumu kura, na aulize aliitia sandukuni kwa niya gani, na siku ya pili yake alimsalimuje jirani aliyeshindwa.

Wallahu aalam.