Je, Uaminifu Unahitaji Chumba cha Peke Yako?

Tangu janga la korona la mwaka 2020, mtihani wa TOEFL unaweza kufanyiwa nyumbani, mtahiniwa akitazamwa na msimamizi aliye mbali kupitia kamera ya kompyuta. Duolingo nao wana mtihani wao wa Kiingereza wa nyumbani, wa kama saa moja na wa ada ya chini zaidi. Kwa kijana wa Cibitoke anayetafuta nafasi ya kusoma ng'ambo hili ni jambo jema, silikatai. Ninachohoji ni sharti lake la kwanza: uwe peke yako chumbani, asiingie mtu.

Hapa Cibitoke, peke yako ni wapi? Nyumba nyingi zinachangia ua mmoja. Shangazi anaingia kuchukua sufuria, mtoto anamfuata, jirani anapiga hodi, na hodi kwetu huitikiwa. Kwenda saiba nako TOEFL hawaruhusu, kwa kuwa ni mahali pa watu wote. Katika darasa la mtihani, mtoto akichungulia mlangoni msimamizi humfukuza na kazi ikaendelea, maana anajua mtoto si jibu la kuibia. Kamera inajua tu kwamba sura ya pili imeonekana.

Watetezi watasema kwamba bila ulinzi cheti cha mwaminifu kinalingana na cha mwizi. Ni kweli, tena hoja hii inatugusa sisi zaidi, kwa sababu vyeti vyetu ndivyo hutiliwa shaka kwanza. Lakini mwenye chumba chake anaweza kuiba kwa utulivu, na asiye nacho akaonekana mwizi hata akijibu kwa jasho lake. Kawaida anayeshtaki ndiye anayeleta ushahidi. Hapa mtahiniwa anazungusha kamera mpaka kitanda chake kionekane, kabla hajajibu swali hata moja.

Wamarekani wenyewe wameligombania hilo. Mwaka 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho huko Ohio aliamua kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State kilivunja haki ya kikatiba ya mwanafunzi kwa kumtaka aonyeshe chumba chake cha kulala namna hiyo.

Mimi ningependelea chumba kimoja katika shule ya mtaa, chenye jenereta, na mwalimu aliyeidhinishwa kusimamia. Mwalimu anaweza kudanganywa, pengine hata kuhongwa. Lakini akimtoa mtu mtihanini, mtu huyo anaweza kumuuliza sababu, naye atalazimika kujibu.