Taa ya Mvuvi na Simu Mkononi

Masomo: Mathayo 6:22-23; Kutoka 23:1; Luka 19:1-10

 

Habari ya simu yangu mnaijua. Ile ya zamani ya vitufe, niliyovuka nayo ziwa mwezi wa kwanza 2018 ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, ilikufa kabisa. Ninyi mkachanga, kila nyumba kwa uwezo wake, na ndugu yetu mmoja aliyepata kuhamia Marekani akaongeza. Mkaninunulia simu ya kisasa. Si kubwa: inaingia kwenye mfuko wa shati, na kidole gumba kinafika pembe zote za kioo. Bei yake ni ya katikati, si ya chini kabisa wala si ya matajiri. Chaji inafika jioni, picha zake ni safi, na Biblia nzima imo ndani, ya Kiswahili na ya Kirundi. Niliipokea mbele ya kanisa, mkapiga makofi. Leo nataka kutoa hesabu ya simu hiyo, kwa sababu ilitoka mifukoni mwenu.

Nianze na mema. Mwezi wa 12, 2025, vita ilipofika Uvira na makumi ya maelfu ya watu wakaingia Burundi, simu hii ilifanya kazi usiku na mchana. Wengi wenu mliniletea majina ya ndugu zenu. Tulituma picha, tukapokea sauti, na wengine tuliwapata wakiwa hai. Nyaraka za watoto wetu nimezipiga picha ili zisipotee tena kama zilivyopotea za kwanza. Wagonjwa nawaombea hata wakiwa mbali. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Pasta anahubiri simu ni ya shetani.

Lakini polepole niliona jambo. Asubuhi mkono wangu ulianza kuitafuta simu kabla magoti hayajagusa chini. Usiku ililala karibu na mto wangu. Mke wangu alinisemesha, nami nikajibu "ndiyo" bila kujua ameuliza nini. Nilijitetea kwamba ni kazi ya Mungu. Kweli nyingine ilikuwa kazi. Nyingine ilikuwa macho tu kupenda mwanga.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Usiku mmoja, saa tano, ujumbe uliingia. Ulisema majina ya watu wa kupelekwa nchi ya tatu yanaandikwa upya, na kila familia itume pesa kwa namba fulani kabla ya Ijumaa. Juu yake palikuwa na alama ya shirika kubwa. Sikuusoma mara ya pili. Sikumwuliza mtu. Niliutuma kwenye kundi la kanisa, nikaandika, "Wapendwa, msichelewe." Kisha nikalala nikifikiri nimelitumikia kundi la Mungu.

Mama mmoja mjane aliuza mahindi ya watoto wake, akakopa yaliyobaki, akatuma franka elfu 60. Siku ya Ijumaa namba ile haikupatikana tena. Wapendwa, sikieni na mkumbuke: huduma za UNHCR ni za bure, pamoja na kuhamishiwa nchi nyingine. Anayedai pesa kwa ajili hiyo ni mwizi. Mimi nilikuwa nalijua hilo. Nimelifundisha kwa mdomo wangu. Mama huyo amenipa ruhusa kusimulia bila kutaja jina lake. Nilipokwenda kuomba msamaha aliniambia, "Pasta, mimi ile namba sikuiamini. Niliamini jina lako."

Baada ya hapo nilipata karatasi ya ruhusa, nikaenda Rumonge kuwatembelea waumini wetu wanaoishi huko. Jioni nilikaa ufukweni pamoja na mzee mmoja mvuvi, Mrundi, tukitazama mitumbwi ikitoka. Giza lilipoingia, taa zikawaka juu ya Tanganyika kama mji uliojengwa majini. Nilikumbuka usiku wetu wa 2018 tulipokimbia kutoka Fizi. Taa za wavuvi tuliziona kabla ya nchi kavu, tukajua kwamba Rumonge iko karibu. Nilimwambia mzee kwamba taa zile zilituokoa.

Akacheka. Akasema, "Pasta, ninyi ziliwaokoa, ndagala zinawaua. Ndagala hawaji kwa chambo, wanakuja kwa mwanga. Wavu tumeshauteremsha chini. Wakijaa, tunainua. Na mikeke wanakuja kwa kuwafuata ndagala, wanainuliwa pamoja." Nikamwuliza, mwezi ukiwa mpevu je? Akasema, "Hapo tunapumzika. Penye mwanga mkubwa taa yetu haina nguvu."

Usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa ndagala, wapendwa. Niliona mwanga nikaukimbilia. Na mama yule hakufuata taa, alinifuata mimi.

Bwana wetu katika Mathayo 6 analifananisha jicho na taa ya mwili. Jicho likiwa zima, mtu mzima ana nuru. Likiwa bovu, giza lake ni kubwa. Simu yetu inawaka, lakini kuwaka peke yake si nuru. Mtu anayekimbia usiku anahitaji taa, na mtu huyo huyo anaweza kunaswa kwa taa. Ndiyo maana tuulize: chini ya mwanga huu kuna nini? Na sheria ya Musa, Kutoka 23, inakataza kueneza habari isiyo ya kweli. Haisemi kwamba aliyeitunga peke yake ndiye mwenye hatia. Anayeibeba naye anahusika.

Basi nimejiwekea mambo matatu, nawaomba tuyashike pamoja. La kwanza, simu isiguswe kabla ya maombi ya asubuhi, na usiku ilale mbali na kitanda. Kama yule mzee alivyosema, penye mwanga mkubwa taa ndogo inapoteza nguvu. La pili, ujumbe wa pesa, wa safari au wa vita usitumwe mbele mpaka umeuliza watu wawili wanaojua, na mmoja awe wa ofisi inayohusika. Katika WhatsApp, ukiona mishale miwili juu ya ujumbe, ujue umeshapita mikono mingi. Tangu mwezi wa 4, 2020, ujumbe wa namna hiyo unatumwa kwa mtu mmoja au kundi moja tu kila mara, ili uongo upunguze mbio. Ikiwa wenye mtambo wameona hatari, je, kanisa? La tatu, uliyekosea, rudi pale pale ulipokosea useme. Mimi niliupotosha umati kwenye kundi. Kuomba msamaha chumbani hakukutosha.

Zakayo alipokutana na Yesu hakuishia kufurahi. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Nilitaka kuiuza simu hii nilipe, lakini wazee wa kanisa walikataa, wakasema ni mali ya kanisa na bado inahitajika. Kwa hiyo ninalipa kidogo kidogo kutoka kwenye shamba langu la maharage. Elfu 35 zimekwisha rudi. Zilizobaki mniulize kila mwezi, msinionee haya.

Tuombe. Bwana, uyaponye macho yetu. Utufundishe kuona wavu kabla hatujaingia, na kutomwongoza mdogo wetu humo. Wakumbuke walio ziwani usiku huu, wavuvi na wakimbizi. Amina.

Ni mimi, mchungaji wenu.