Kurudi Nyuma Bila Kufuta

Hebu tuanze na swali ambalo mafundi wa kompyuta wamelitafakari kuliko wengi wetu: ukitaka kurudi jana, unaifanya nini leo?

Kuna mfumo wa kutunza mafaili unaoitwa ZFS. Ukiuagiza upige picha ya hali ilivyo, yaani snapshoti, haunakili kila kitu upya. Unachofanya ni kukataa kufuta: vipande vya zamani vinabaki palepale, na mapya yanaandikwa pembeni. Ndiyo maana picha hupigwa kufumba na kufumbua. Lakini kuirudia kuna bei. Kila kilichoandikwa baada yake kinapotea. Na ukitaka kuruka hadi picha ya zamani zaidi, mfumo unagoma mpaka uamuru waziwazi kwamba picha zote zilizofuata ziangamizwe. Naupenda mgomo huo. Ni adabu ambayo siasa haina.

Nasema siasa kwa sababu natoka Bondeni, huku Kyela, ambako picha inayotusumbua ilipigwa Berlin tarehe 1 Julai 1890. Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mpaka wao ufuate ukingo wa ziwa hadi mdomo wa mto Songwe. Ukingo, siyo katikati. Mvuvi wa Matema hakuulizwa. Malawi inasema picha ile ndiyo mpaka. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji. Hata jina hatujakubaliana: kwetu Ziwa Nyasa, kwao Ziwa Malawi. Mwaka 2012, habari za kutafuta mafuta zilipoupandisha mzozo tena, ndipo wengi walipokumbuka kwamba upo.

Tuwe wa haki, hoja ya Malawi siyo ya kubeza. Mwaka 1964, kule Cairo, wakuu wa nchi za Afrika waliahidi kuheshimu mipaka waliyoikuta siku ya uhuru. Walikuwa na sababu: kila nchi ikijichagulia picha ya mwaka inaoupenda, vita havitaisha. Mwenye nguvu atachagua ile iliyompendeza, na atasema ndiyo historia.

Sawa. Lakini irudie picha ya 1890 kama ilivyo, neno kwa neno, uone kinachofutika. Mama anayechota maji Matema, yakimfika kwenye vifundo vya miguu, ameshavuka nchi. Mtumbwi wa mwanawe umekuwa mgeni kwenye maji aliyovua babu yake. Tena huo mto Songwe wenyewe hufurika na kuhama mkondo. Shamba la mpunga lililolala ng'ambo hii linaweza kuamka ng'ambo ile. Mwenye shamba hajahama hata hatua moja. Na Wanyakyusa wa huku wanasikilizana na Wangonde wa Karonga bila mkalimani. Maisha haya yote yaliandikwa, au yaliendelea kuandikwa, baada ya picha kupigwa.

Sasa, fundi mzuri ana njia ya tatu. Haifuti picha, wala hairudii kichwakichwa. Anatoa kloni: nakala hai inayoanzia kwenye picha, ambayo unaweza kuandika ndani yake huku ya leo ikibaki salama. Unaingia, unatazama, unachukua unachokihitaji, unatoka. Na kloni haimkani mama yake: maadamu inamtegemea, mfumo haukuruhusu kuifuta picha ilikotoka.

Cha ajabu, mkataba wa 1890 ulikuwa na mlango huo. Kifungu chake cha sita kiliruhusu mistari irekebishwe kwa makubaliano, kulingana na mahitaji ya mahali husika. Waliochora wenyewe walijua wanapiga picha tu, hawaumbi ziwa.

Ndiyo maana sikubaliani na anayesema zamani itupwe, wala na anayesema irudishwe nzimanzima. Zamani ni ya kuulizwa, siyo ya kutiiwa. Anayeagiza turudi nyuma, kwenye mpaka, kwenye mila, hata kwenye ndoa, aonyeshe kwanza orodha ya vitakavyofutika, na majina ya wenye navyo. Mara nyingi utakuta jina lake halimo.