Je, Wafu wa Kijiji Wanatudai Nini?

Ndugu walimu wenzetu, mwaka mmoja tuliwapa wanafunzi wetu kazi ambayo wengi wenu mmepata kuitoa: kila mmoja aende kwa wazee wa kwao, aulize habari za kijiji, kisha aziandike insha kwa Kiswahili. Insha nyingi zilirudi zimejaa mashujaa. Mwanafunzi mmoja, hata hivyo, alibaki darasani baada ya kengele kulia, daftari mkononi. Bibi yake alikuwa amemweleza kwamba zamani, ndui ilipoingia kijijini kwao, mkuu wa ukoo wao alitoroka usiku akawaacha wagonjwa ndani ya nyumba. Akatuuliza, "Mwalimu, na hili niliandike?" Tulimwahidi jibu la kesho yake. Makala haya ni jaribio la kumpa jibu lililokamilika kuliko lile tulilompa.

Mtu akitaka kupima jambo la kwao, yafaa kwanza alitazame kwa wengine, kwa maana jambo la mbali halimpandishi mtu hamaki. Basi na twende Uingereza, katika jimbo la Derbyshire, penye mji mdogo uitwao Bakewell kando ya mto Wye. Huo ni mji wa gulio. Siku yake ni Jumatatu. Kuuzunguka kuna vijiji vya nyumba za mawe vilivyotawanyika mabondeni na milimani. Wengi wetu tulifundishwa Uingereza kama nchi ya wafalme, merikebu na viwanda. Ni mara chache tuliambiwa kuwa nayo ni nchi ya vijiji, na kwamba vijiji hivyo vina makaburi yake, fahari yake na aibu yake, sawa na vya kwetu.

Kimoja kati ya vijiji hivyo ni Eyam, mwendo wa kilomita zipatazo 10 kutoka Bakewell. Husimuliwa kwamba mwaka 1665, wakati tauni ilipokuwa ikifyeka watu London, mshonaji nguo mmoja wa Eyam aliletewa shehena ya vitambaa kutoka mji huo. Vitambaa vilikuwa na unyevu, na ndani yake mlikuwa na viroboto. Msaidizi wake, George Viccars, alivifungua na kuvianika mbele ya moto. Siku ya 7 Septemba alizikwa. Baada yake walifuata jirani na jirani wa jirani. Majira ya baridi yalipunguza vifo, lakini joto la mwaka 1666 liliwasha moto upya.

Mwezi wa Juni mwaka huo kasisi kijana wa kijiji, William Mompesson, alishauriana na Thomas Stanley, mhubiri aliyemtangulia ambaye alikuwa amenyimwa kazi kwa kukataa kanuni mpya za Kanisa la Uingereza. Watu hawa wawili hawakuwa wa upande mmoja katika mambo ya dini, lakini tauni iliwaketisha pamoja. Waliwaomba wanakijiji wakubali mambo matatu: kila jamaa izike wafu wake yenyewe, ibada ifanyiwe nje, bondeni, watu wakisimama mbalimbali, na asiwepo mtu wa kuvuka mpaka wa kijiji. Lodi wa Devonshire, mwenye jumba la Chatsworth lililo karibu na Bakewell, aliwapelekea chakula. Vitu viliwekwa mpakani, na fedha za malipo ziliachwa ndani ya maji au katika vishimo vya jiwe vilivyotiwa siki.

Tauni ilikoma Novemba 1666. Hesabu iliyopokewa ni kwamba walikufa watu wapatao 260. Elizabeth Hancock aliwazika mumewe na watoto wake sita katika muda wa siku nane za Agosti, kwa mikono yake mwenyewe. Katika mwezi huohuo kasisi Mompesson alimzika mkewe, Catherine. Hata leo, Jumapili ya mwisho ya Agosti, watu hukusanyika bondeni palepale kuwakumbuka wafu hao.

Hiyo ndiyo hadithi inavyosimuliwa, na anayeisikia mara ya kwanza hana budi kuguswa. Mwaka 2020, korona ilipowafungia watu majumbani ulimwenguni, Eyam ilitajwa tena na tena kuwa kielelezo: tazameni, wakulima na wachimba madini wa zamani walijitoa mhanga ili wengine wapone.

Hapo ndipo shida yetu inapoanzia. Wakati wa tauni yenyewe tumeachiwa maandishi machache, zikiwamo barua tatu za Mompesson. Sehemu kubwa ya hadithi tunayoijua iliandikwa baadaye sana. Anna Seward, mshairi aliyezaliwa Eyam mwaka 1742, aliieneza. William Wood, mwenyeji wa hapo, alichapisha historia yake mwaka 1842, yaani zaidi ya miaka 170 baada ya maziko ya mwisho. Mwaka 2006 mwanahistoria Patrick Wallis alieleza jinsi kila kizazi kilivyoichonga hadithi hiyo ikafanana na mahitaji yake. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa mgema alikwisha kufa. Ni sisi wasifu tunaolitia maji tembo lake.

Hebu tuulize maswali ambayo sifa huyafunika. Je, watu wale walichagua? Mompesson aliwapeleka watoto wake mbali kabla ya mpaka kufungwa. Mchimba madini angewapeleka wake wapi? Husimuliwa kuwa mwanamke mmoja wa Eyam alikwenda gulioni Tideswell, akatambuliwa, akafukuzwa kwa kurushiwa vitu. Sheria ya mwaka 1604 iliruhusu nguvu kutumiwa dhidi ya waliofungiwa kwa ajili ya tauni, na mgonjwa mwenye madonda aliyetoka kuchanganyika na watu aliweza kuhukumiwa kifo. Masimulizi ya kijiji yanamtaja pia Marshall Howe, aliyeugua akapona, akawa mzishi wa wasio na jamaa, na akajilipa kwa vyombo na nguo za wafu. Huyu naye ni mtu wa Eyam. Tumweke wapi?

Wako watakaosema: acheni. Hadithi njema huzaa watu wema, na kuichokoa ni kuwanyang'anya watoto kielelezo. Hoja hii si ya kudharauliwa. Sisi walimu twajua nguvu ya mfano mzuri kuliko mtu yeyote. Lakini tukitazama vema, tutaona kuwa sifa isiyopimwa ina mlipaji wake. Tukisema kuwa maskini wa Eyam walikaa kwa hiari tupu, tumejirahisishia kuwataka maskini wa leo nao wakae, wafungiwe, wavumilie, bila kuuliza ni nani atakayewaletea chakula mpakani. Sisi ambao nchi zetu zimepata kuonja ebola tunajua kwamba karantini bila posho ni adhabu. Eyam ilikaa kwa moyo wa watu wake, lakini ilikaa pia kwa mkate. Anayesimulia moyo akauacha mkate amesimulia nusu, na nusu hiyo yaweza kuua.

Wengine watasema kinyume: ikiwa walilazimika, basi hapakuwa na wema wowote. Nao tunawakatalia. Mwanadamu hachagui mara nyingi akiwa huru kabisa. Aghalabu huchagua akiwa amebanwa. Elizabeth Hancock hakuchagua tauni, wala hatuna neno lake la kuthibitisha kwamba alikubali mpaka. Lakini katika siku zile nane aliamka, akachimba. Kumwita mtu aliyejitolea ni kumpunguzia msiba wake; kumwita mtu aliyeshurutishwa tu ni kumnyang'anya ushujaa wake. Haki yake ni kusimuliwa kama alivyokuwa.

Kuna kisa kingine upande wa kaskazini wa jimbo hilohilo kinachotusaidia kuona jambo hili. Vijiji vya Derwent na Ashopton vilizamishwa na bwawa la Ladybower, lililokamilika katika miaka ya 1940 ili miji mikubwa kama Sheffield, Derby, Nottingham na Leicester ipate maji. Wafu wa Derwent walifukuliwa wakazikwa upya Bamford. Mnara wa kanisa uliachwa umesimama majini hadi ulipolipuliwa mwezi wa Desemba 1947. Ukame unapozidi, kama mwaka 2018, magofu hujitokeza, na watu humiminika kuyatazama. Hawa nao walipoteza kijiji kwa ajili ya uhai wa wengine, lakini hawana Jumapili yao mfano wa ile ya Eyam. Kwa nini? Pengine kwa sababu hakuna anayeweza kudai kwamba walijitolea, na waliofaidika bado wanakunywa maji yale. Asiyekuwapo na lake halipo. Tunawakumbuka kwa furaha wale ambao kumbukumbu yao haitudai kitu.

Basi wafu wanatudai nini? Kwa maoni yetu hawatudai sifa, kwa maana sifa haiwafikii. Wanatudai tusiwatumie. Kumfanya marehemu sanamu ya kuwaaibishia walio hai ni kumtumia. Na kumfanya mhalifu wa kutuchekesha ni kumtumia vilevile. Wanatudai watajwe wote, si kasisi peke yake. Katika jambo hili Eyam yenyewe yatufunza: mbele ya nyumba za kale pamewekwa vibao vyenye majina ya waliofia humo, mmoja mmoja, na katika makumbusho ya kijiji, yaliyofunguliwa mwaka 1994, mgeni husomewa habari za watu wa kawaida kama anavyosomewa za wakuu. Jina la mtoto wa mshonaji halina sifa yoyote juu yake. Ni jina tu, na linatosha.

Twarejea kwa mwanafunzi wetu. Siku ile ya pili tulimwambia aandike, lakini asitaje jina. Alitii, tukampa alama nzuri. Leo tunadhani tulimjibu nusu, na kwa woga. Tungalimwambia arudi kwa bibi yake na maswali zaidi: mzee yule alikuwa na watoto wadogo aliotaka kuwaokoa? Alirudi? Ni nani aliyewapa maji wale wagonjwa alipoondoka, na mbona huyo hakutajwa? Kwa hakika palikuwa na mtu. Katika kila kijiji kilichopatwa na maradhi palikuwa na mtu aliyebeba mtungi, na huenda alikuwa mwanamke ambaye hakuna aliyeuliza jina lake.

Ndugu walimu, wazee wanaondoka, na kila anayeondoka huzika pamoja naye majina tusiyoyajua. Tutakapowatuma tena wanafunzi wetu vijijini, tusiwaagize mashujaa. Tuwaagize watu. Na wakileta habari ya aibu tusiwafutie, bali tuwarudishe wakaulize swali la pili.