Watu Wanne na Godoro Moja



Katika Injili ya Marko, sura ya pili, twasoma habari za watu wanne waliomchukua mwenzao aliyepooza huko Kapernaumu. Walipozuiwa na wingi wa watu hawakumrudisha nyumbani. Walipanda juu, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Bwana. Sisi tuliofundisha chuo cha ualimu miaka mingi tulizoea kuwauliza wanachuo wetu: Je, mmoja wa wale wanne angaliiachia pembe yake njiani, ingalikuwaje?

Swali lile sasa limeturudia sisi wenyewe. Mwalimu mwenzetu ameshikwa na ugonjwa wa figo. Presha ilikuwa ikimla kimya kimya, na alipokwenda kupimwa, figo zote mbili zilikuwa karibu kushindwa kabisa. Tangu siku hiyo damu yake husafishwa kwa mashine mara 3 kwa juma, kwa muda wa saa 4 hivi kila mara. Mashine iko mjini, kwa hiyo ameacha shamba lake na kupanga chumba huko. Kazi imekwisha, ng'ombe wameuzwa, na mkewe hana siku ya kupumzika.

Juma la kwanza tulijaa kwake. Tulisali, tuliimba, tulichanga. Mwezi wa tatu tulibaki wachache. Wengine walimkwepa wakidhani ugonjwa huo huambukiza. Wengine walinong'ona kwamba amerogwa. Nasi tulikuwa na udhuru wetu. Mwezi wa sita alituambia, "Mwalimu, maradhi nimeyazoea. Nisichokizoea ni kuwa mzigo." Hapo tulijua ni nani aliyeiachia pembe ya godoro.

Tena tulijifunza jambo jingine. Sisi hatukai na mtu bila chai. Tulimshurutisha kikombe cha pili, na ndizi juu yake, na alipokataa tuliona ametudharau. Kumbe figo zikishindwa, maji hubaki mwilini, huvimbisha miguu na kuingia mapafuni. Hata ndizi na machungwa yana madini ambayo yakizidi katika damu yaweza kusimamisha moyo. Bwana wetu aliahidi thawabu kwa kikombe cha maji, lakini kwa ndugu huyu tuulize kwanza, "Leo umeruhusiwa kiasi gani?" Upendo usiouliza waweza kudhuru.

Basi, tufanyeje? Godoro lina pembe nne. Ya kwanza ni nauli, kila mwezi, si mara moja tu. Ya pili ni mtu wa kumsindikiza hospitali, ili mkewe apate kulima na kupumzika. Ya tatu ni watoto wake, daftari na sare zao zisisahauliwe. Ya nne ni kukaa naye anapotoka kwenye mashine amechoka, bila maneno mengi. Umoja wa Akina Mama, vijana, wazee wa kanisa, kila kikundi kishike pembe yake. Nasi wenye afya tukapimwe presha na sukari, kwa kuwa hayo mawili yameharibu figo za wengi.

Marko anatuambia kwamba Bwana aliiona imani yao, nao ndio waliobeba. Je, akitazama parishi yetu, ataiona ya kwetu? Mungu atupe mikono isiyochoka. Amina.